Tunaofufua Land Rover za zamani tuanze na breki, injini isubiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili niseme na wenzangu ambao nyuma ya nyumba zao, chini ya mwembe au kwenye kibanda cha mabati, wameweka Land Rover ya zamani juu ya mawe na wanaifufua kidogo kidogo kadiri mshahara, pensheni au mauzo ya kahawa yanavyoruhusu. Hapa Moshi na kwa majirani zetu wa Arusha kazi hii imekuwapo miaka mingi, lakini tangu tamasha la Land Rover la Arusha la Oktoba 2024, ambalo liliripotiwa kukusanya magari zaidi ya elfu moja, naona hamasa imepanda, na magari yaliyokuwa yamesahaulika mashambani na nyuma ya ofisi yanavutwa kwa trekta hadi nyumbani kwa watu. Jambo hilo linanifurahisha sana. Linalonitia wasiwasi ni mpangilio wa kazi yenyewe, kwa sababu karibu kila mahali ninapoitwa kutazama nakuta fedha za kwanza zimekwenda kwenye injini yenye nguvu zaidi, za pili kwenye rangi, za tatu kwenye matairi mapana, na breki zimebaki zilezile zilizofungwa kiwandani miaka ya 1970. Ninaomba mpangilio huo ugeuzwe, na kwamba yeyote anayeboresha gari la namna hii nyumbani asinunue injini kabla hajahakikisha kuwa gari lake linaweza kusimama.

Kwa msomaji asiyeyafahamu magari haya kwa karibu, Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, wakati Uingereza ikiwa bado na uhaba wa chuma baada ya Vita Kuu ya Pili, na ndiyo maana bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu. Uamuzi huo, uliofanywa kwa shida ya wakati ule, ndio unaotuwezesha leo kuwa na magari yenye umri wa miaka 50 ambayo bodi zake bado ni nzima. Series II, yaani toleo la pili, ilitoka mwaka 1958, ikafuatwa na IIA mwaka 1961, na Series III ikatengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Sisi tuliyoizoea zaidi ni ile ndefu, 109, iliyopewa namba hiyo kwa inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yaani karibu mita 2.77, na baadhi yake hazikuja kutoka Uingereza zikiwa kamili bali ziliunganishwa Thika, Kenya, katika kiwanda cha Leyland. Ni gari ambalo mtu mwenye spana za kawaida, jeki na subira anaweza kulifumua lote hadi chesisi na kulirudisha, kwa kuwa karibu kila kitu kimefungwa kwa boliti na kinaonekana kwa macho. Sioni gari jingine linalomfaa zaidi mtu anayetaka kujifunza ufundi kwenye uwanja wake mwenyewe.

Sasa tutazame wahandisi walikusudia nini. Injini ya petroli ya lita 2.25 ilitoa nguvu farasi zipatazo 70, na ya dizeli ya ukubwa huohuo zipatazo 62. Ukiwa na mzigo, kilomita 80 kwa saa ni mwendo wa kutosha kabisa, na ukifika mlimani unarudi gia ya pili bila ubishi. Kwa mwendo huo na uzito huo, dramu nne za breki, yale makopo ya chuma yanayozunguka pamoja na magurudumu, ambazo kwenye 109 zina kipenyo cha inchi 11, zilitosha. Mtu anapoitoa injini hiyo na kufunga 200Tdi, injini ya dizeli iliyotoka kwenye Discovery, Land Rover ya baadaye, yenye nguvu farasi 111 na ambayo kwa bahati njema hupachikwa kwenye gia boksi ya zamani bila marekebisho makubwa, anapata gari linaloweza kukimbia kilomita 100 kwa saa bila kulalamika. Lakini nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza haiongezeki sambamba na mwendo, bali huongezeka kwa mraba wa mwendo. Gari lilelile, kwa mzigo uleule, likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa hubeba nishati maradufu ya ile lililokuwa nayo kwenye kilomita 70, na nishati yote hiyo lazima igeuzwe kuwa joto ndani ya dramu zilezile. Dramu ikipata joto hutanuka na kujitenga na lainingi, yaani zile pedi za ndani zinazoikamata, lainingi nazo zikizidi moto hupoteza msuguano, na dereva huiona pedali ikizama huku gari likiendelea kwenda.

Baada ya injini hufuata difu, ile gia iliyo katikati ya ekseli inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Ya asili ina uwiano wa 4.7 kwa 1, na kwa kuwa injini mpya ina nguvu za akiba, wengi hufunga difu ya 3.54 kutoka Range Rover au Discovery ili gari lisipige kelele barabarani. Ni badiliko zuri nami silipingi, kwani injini hupumua na mafuta huokolewa. Ila lina upande ambao mafundi wengi hawamwelezi mwenye gari. Kwa mizunguko ileile ya injini, gari lenye difu hiyo hukimbia kwa karibu theluthi moja zaidi, na maana yake ni kwamba kwenye mteremko, katika gia ileile, injini hulizuia gari kwa nguvu ndogo kuliko ilivyokuwa zamani. Mtu anayeshuka Kitonga, au anayetoka Lushoto kuelekea Mombo akiwa na magunia nyuma, alizoea gia ya tatu imshikilie; sasa gia ya tatu haimshikilii, mguu unahamia kwenye breki, na unabaki hapo hadi chini kabisa. Mabadiliko mawili yaliyofanywa kwa nia njema, moja likiongeza mwendo na jingine likipunguza uzuiaji wa injini, yote yanaiangukia breki kwa wakati mmoja. Matairi nayo yakiwa makubwa kuliko 7.50-16 ya asili yanazidisha mzigo huo, kwa sababu kadiri tairi linavyozidi kipenyo ndivyo nguvu ya dramu inavyofika ardhini ikiwa imepungua. Sijawahi kusikia muuzaji wa matairi akimweleza mteja jambo hilo.

Kuna suala jingine ambalo kwa sura ni dogo. Baadhi ya Series III zina sevo ya breki, lile kopo kubwa jeusi lililo mbele ya pedali upande wa injini, ambalo humsaidia dereva kukandamiza. Kopo hilo hufanya kazi kwa mvuto wa hewa, na kwenye injini ya petroli mvuto huo hutoka kwenye manifoldi. Injini ya dizeli haina mvuto wa namna hiyo. Inahitaji pampu maalumu, ambayo Tdi inayo na ambayo dizeli nyingi za Kijapani huwa nayo nyuma ya altaneta. Nimeona gari ambalo injini ya petroli ilitolewa, ya dizeli ikafungwa pamoja na altaneta ya kawaida isiyo na pampu, na mpira wa sevo ukafungwa kwa waya mwishoni ukiwa hauendi popote. Mwenye gari, ambaye hakuwahi kuendesha Land Rover nyingine, aliamini kwamba breki za magari haya ndivyo zilivyo, ngumu kama kukanyaga jiwe. Alikuwa akilitumia kuwapeleka watoto shule.

Nini basi kifanyike kwanza? Kwa maoni yangu ni masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga pedali. Land Rover nyingi za miaka hiyo zina masta yenye njia moja tu, inayosukuma mafuta kwenye magurudumu yote manne kwa pamoja, na hivyo paipu moja ikitoboka popote chini ya gari, magurudumu yote manne yanakosa breki. Masta yenye njia mbili, kama zile za Series III za mwishoni, hutenganisha magurudumu ya mbele na ya nyuma, ili upande mmoja ukipasuka mwingine ubaki. Ukifanya badiliko hili pekee na ukaacha kila kitu kingine kama kilivyokuwa, tayari umeliboresha gari kuliko aliyefunga injini ya Tdi na kulipaka rangi mpya. Pamoja na masta, paipu zote za chuma zitolewe, hata zile zinazoonekana nzima, kwa sababu hula kutu kwanza pale zinapobanwa na vibanio kwenye chesisi, mahali ambapo tope hukaa na jicho halifiki. Zikipatikana za aloi ya shaba na nikeli ni bora zaidi, maana hazishiki kutu. Mipira inayounganisha chesisi na ekseli ikunjwe kwa mkono, na ukiona mipasuko midogo kwenye ngozi yake, usiirudishe.

Silinda za magurudumu, zile ndogo zinazosukuma lainingi kwenye dramu, ndizo zinazodanganya watu zaidi. Fundi wa haraka hununua mipira mipya, huifunga ndani ya silinda ya zamani, na kwa majuma machache kila kitu huwa shwari. Kabla ya kukubali hilo, safisha silinda kwa mafuta ya breki, ipanguse kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha pitisha ukucha wa kidole taratibu kwenye ukuta wake wa ndani. Ukucha ukikwama hata mara moja, pana kishimo cha kutu, na mpira mpya utakatwa hapohapo kama ule wa zamani ulivyokatwa. Silinda hiyo ibadilishwe nzima. Na mafuta yanayojazwa yawe ya breki tu, kwani oili ya injini huvimbisha mipira na kuifanya laini, na ikishaingia ndani ya mfumo, mipira yote ya mfumo huo, kuanzia masta hadi gurudumu la mwisho, ni ya kutupa.

Kutoa upepo kwenye breki za 109 ni kazi inayowachosha wengi hadi wanakata tamaa na kuamua kuishi na pedali laini. Inakuwa nyepesi ukianza na marekebisho. Nyuma ya kila gurudumu kuna kichwa cha boliti, kimoja au zaidi, kinachosogeza lainingi kuelekea dramu. Kaza vyote mpaka magurudumu yagome kuzunguka, ndipo utoe upepo, ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta, ambalo kwa magari yetu yenye usukani kulia ni la nyuma kushoto. Ukimaliza, legeza kila kichwa kidogo kidogo hadi gurudumu lizunguke huru likisikika kugusa kwa mbali. Kisha kanyaga pedali gari likiwa limesimama na uisikilize. Ikipanda juu zaidi unapokanyaga mara ya pili kuliko ya kwanza, lainingi bado ziko mbali na dramu. Ikiwa inabonyea na kurudi, upepo ungalimo. Ikiwa ni ngumu mwanzoni kisha inazama polepole chini ya mguu uliotulia, masta inapitisha mafuta kwa ndani hata kama nje ni pakavu, na gari hilo lisitoke getini.

Naomba wasomaji wanaofanya kazi hii nyumbani wasome aya hii inayofuata kwa makini kuliko nyingine zote. Hendi breki ya Land Rover hizi haikamati magurudumu. Inakamata dramu moja iliyoko nyuma ya transfa, ile gia boksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, kwenye propela, yaani shafti ndefu inayokwenda ekseli ya nyuma. Ukiwa barabarani hilo halina neno, kwa sababu propela ikishikwa, magurudumu yote mawili ya nyuma yameshikwa. Lakini ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaliruhusu gurudumu lililo hewani lizunguke upande mmoja wakati lile lililo chini linazunguka upande mwingine, huku propela ikiwa tuli kabisa. Kwa maneno mengine, hendi breki imevutwa hadi mwisho, gia imeingizwa, na bado gari linaweza kubiringika na kushuka kutoka kwenye jeki likiwa na mtu chini yake. Hali ni hiyohiyo ukichomoa hafu shafti ya nyuma, ile inayotoka kwenye difu hadi gurudumu, au ikikatika yenyewe, jambo ambalo kwenye ekseli za zamani si geni: gari limebaki bila hendi breki na bila msaada wa gia.

Kinga yake ni rahisi na haigharimu sana. Weka kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini, tena kabari za kweli zilizokatwa kwa mshazari, si nusu tofali. Sukuma chini kirungu cha njano kilicho karibu na gia ili ekseli ya mbele iungane na ya nyuma, na kama magurudumu ya mbele yana habu za kufunga kwa mkono, zifunge, ili hendi breki ishike pia magurudumu ya mbele. Kirungu hicho mara nyingine hakiingii sawasawa mpaka gari lisogee kidogo, kwa hiyo kiingize kabla hujainua chochote, usogeze gari hatua moja, ndipo uvute hendi breki. Jeki iwekwe juu ya ubao mpana, maana udongo wetu mwekundu baada ya mvua huonekana mgumu juu na ni laini chini, na gari likishainuka lishushwe juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia tu. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika ya kuokota spana. Watoto, ambao hupenda kukaa kwenye usukani baba akiwa chini, wakae mbali kabisa.

Maadamu nazungumzia usalama wa nyumbani, niongeze mambo mawili. La kwanza ni vumbi la dramu. Lainingi na sahani za klachi za miaka ile zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likivutwa hukaa mapafuni na kuleta maradhi baada ya miaka mingi. Usipulize dramu kwa mdomo wala kwa kompresa. Ilowanishe kwa maji ya sabuni, ipanguse kwa kitambaa kilicholowa, na kitambaa hicho kifungwe kwenye mfuko na kutupwa. La pili ni tangi. Kwenye Land Rover nyingi tangi la mafuta liko chini ya kiti, karibu kabisa na mahali ambapo chesisi huhitaji kuchomelewa. Tangi la petroli lililomwagwa likabaki tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka. Fundi wa kuchomelea anapofika, tangi liwe limefunguliwa na kupelekwa mbali, halafu betri iwe imetolewa nyaya.

Wapo watakaouliza mbona sitaji chesisi, nao wana haki. Breki mpya juu ya chuma kilichooza hazina maana. Aluminiamu ya bodi hudumu, lakini chesisi ya chuma chini yake hujaa tope na kuoza kutoka ndani kwenda nje, hasa ile krosmemba ya nyuma, boriti inayokingama mwishoni mwa gari, na mikono inayoshika bodi, na kwa magari yaliyoishi Tanga, Bagamoyo au Dar es Salaam chumvi ya bahari huharakisha mambo, hadi pale aluminiamu inapogusana na chuma huwa unga mweupe. Chukua nyundo ndogo ugonge chesisi urefu wake wote. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti butu, na pengine nyundo huacha alama au kutoboa kabisa. Chunguza pia sakafu ya miguu ya dereva na ukuta unaotenganisha injini na dereva, kwa kuwa pedali ya breki imefungwa hapo. Ukuta huo ukiwa umeliwa na kutu, unapokanyaga breki kwa nguvu ni bati linalojikunja, na sehemu ya nguvu ya mguu wako inapotea kabla haijafika kwenye masta. Kuziba matundu hayo kwa puti na rangi ni kumdanganya atakayelinunua gari.

Najua hoja mbili zitakazotolewa dhidi yangu. Wapenzi wa uhalisia watasema gari la zamani likiguswa hupoteza thamani yake, na kwamba masta ya njia mbili, sevo au breki za diski za mbele si za asili yake. Nawaheshimu, na gari linalowekwa kwa maonyesho likitoka mara chache kwa mwendo wa pole linaweza kubaki na dramu zake, mradi ziwe zimekarabatiwa kwa ukamilifu. Lakini mtu aliyekwisha kufunga Tdi hana tena haki ya kujificha nyuma ya uhalisia inapofika zamu ya breki. Akishaongeza nguvu, diski za mbele, au angalau dramu nzima zenye sevo inayofanya kazi, ni sehemu ya kazi ileile, na zihesabiwe kwenye bajeti ileile tangu siku ya kwanza.

Hoja ya pili ni ya fedha, nayo naichukulia kwa uzito kwa sababu wengi wetu si matajiri. Hata hivyo, tukilinganisha bei madukani, kuanzia mitaa ya Gerezani pale Kariakoo hadi kwa wauza spea wa Arusha, masta, silinda za magurudumu, lainingi na paipu kwa pamoja havifikii bei ya injini iliyotumika, wala havifikii gharama ya rangi nzuri ya gari zima. Ugumu uko kwenye ubora. Spea feki za breki zipo nyingi, na mipira yake huanza kuvimba mapema. Mnunuzi adai kuona kifungashio kikiwa kimefungwa, akatae mipira inayouzwa kwa kuchaguliwa kwenye ndoo, na pale ambapo fedha haitoshi kununua kila kitu bora, fedha hiyo iende kwenye masta na silinda za mbele, kwa sababu magurudumu ya mbele ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya kazi gari linaposimama.

Kuna pia upande wa sheria ambao haupendezi lakini hauepukiki. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na anayebadilisha injini anatakiwa kuipeleka taarifa hiyo TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, ili kadi irekebishwe. Wengi hawafanyi hivyo, na siku ya ajali hujikuta wakibishana na kampuni ya bima kuhusu gari ambalo kwa karatasi ni la petroli lenye nguvu farasi 70. Ningependa kuona hatua hiyo ya kurekebisha kadi ikiambatana na ukaguzi wa breki wa askari wa usalama barabarani, ili nguvu mpya isiandikishwe bila uwezo wa kuizuia kuthibitishwa.

Nina maombi mawili ya mwisho. Kwa vyuo vya ufundi vya VETA vya Kilimanjaro na Arusha, naomba mfikirie kuanzisha mafunzo mafupi ya jioni kwa wamiliki wenyewe, si kwa mafundi peke yao, kuhusu breki na usukani wa magari haya ya zamani. Wenye kuhitaji tuko wengi na tuko tayari kulipia. Na kwa waandaaji wa tamasha la Arusha, kabla gari halijapewa namba ya kuingia kwenye msafara, lipimwe breki. Hapahitajiki mashine. Patafutwe sehemu tambarare, gari lifikishwe kilomita 40 kwa saa, dereva akanyage, na mkaguzi atazame kama limesimama kwa mstari ulionyooka bila kuvuta upande wala kupampu pedali. Litakaloshindwa lipewe nafasi ya heshima uwanjani watu wakalitazame na kulipiga picha, ila lisitoke barabarani kwenye msafara pamoja na watembea kwa miguu waliojipanga pande zote mbili.

Mmiliki wa Land Rover 109,
Moshi